Treni za Windows kwenye reli za Linux: tumefika, lakini ufunguo anao nani?



Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Waliotaka kuongezewa muda waliambiwa wajiandikishe wapewe viraka vya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, basi. Wengine wote wahamie Windows 11. Sasa hiyo Windows 11 nayo ina masharti yake. Inataka kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda mbele, kizazi ambacho kilianza kutoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua huku kwetu ziko chini ya hapo. Ni nzima, zinawaka, kibodi zote zinabonyezeka, lakini kwenye karatasi zimeshastaafishwa.

Ndiyo maana miezi hii kila mtu ghafla anaulizia Linux. Na swali la kwanza ambalo vijana wenzangu wananiuliza sio Word wala Excel. Ni magemu. Na mimi kwa kuwa ni mpenzi wa treni, swali langu lilikuwa hilohilo kwa upande wa treni: je, magemu ya kuendesha treni yaliyotengenezwa kwa ajili ya Windows yanakubali kwenye Linux?

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Nchi ina mambo chungu nzima, huyu kijana anatuletea magemu ya treni! Subirini kidogo. Nataka niwaonyeshe kwamba hili swali dogo lina swali kubwa ndani yake: ukishanunua kitu cha kwenye kompyuta, ni chako kweli au umeazimwa tu?

KWA NINI TRENI?

Magemu ya treni ni mtihani mzuri kuliko magemu ya mpira au ya kupigana, kwa sababu mtu halichezi mwaka mmoja akaliacha. Microsoft Train Simulator, lile lililotengenezwa na Kuju Entertainment ya Uingereza, lilitoka mwaka 2001. Lilikuja na njia 6: mbili za Marekani, mbili za Japani, moja ya Uingereza na moja ya Austria. Afrika hata stesheni moja haikuwemo, lakini hayo ni ya siku nyingine. Cha ajabu ni kwamba mpaka leo, robo karne baadaye, kuna watu duniani bado wanatengeneza vichwa vya treni, mabehewa na njia mpya kwa kufuata mtindo wa gemu lilelile.

Halafu kuna upande wa pesa. Train Simulator Classic ya kampuni ya Dovetail Games (zamani ikiitwa RailWorks, ilitoka mwaka 2009, nayo ilitokana na Rail Simulator ya mwaka 2007) inauza njia na vichwa kimoja kimoja. Mtu ananunua leo njia, mwezi ujao kichwa, mwakani njia nyingine. Akija kugutuka, lile gemu lenyewe ndilo kitu cha bei ndogo kuliko vyote alivyonavyo. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia "hama Windows, achana na hayo, tafuta gemu jingine". Utakuwa unamwambia atupe maktaba nzima.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Hapa ngoja nieleze taratibu, maana wengi wanadhani ni uchawi.

Watanzania tunalijua tatizo la upana wa reli. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1000, TAZARA ina milimita 1067, na SGR ina milimita 1435. Treni ya huku haiwezi kupita kule. Pale Kidatu, reli ya kati inapokutana na TAZARA, mzigo unashushwa huku unapakiwa kule. Inawezekana, ila inakula muda.

Kuiendesha Windows nzima ndani ya Linux, yaani kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta ya kweli, ni kama ile kazi ya Kidatu. Mzigo unafika, lakini kwa magemu ya picha za 3D njia hiyo ni nzito sana, maana ile Windows ya ndani kwa kawaida haiigusi kadi ya picha moja kwa moja. Tena unakuwa bado unaitegemea Windows ileile unayoikimbia.

Njia ya pili ni Wine. Hii haipakui mzigo, inabadilisha magurudumu. Mradi huu ulianza mwaka 1993, na tangu 1994 unaongozwa na Alexandre Julliard. Walifika toleo la 1.0 mwezi Juni 2008, miaka 15 baadaye! Wazo lao ni hili: amri zilizomo ndani ya gemu la Windows zinaelekezwa kwa prosesa, na prosesa haijali wewe unatumia Windows au Linux. Tatizo linakuja pale gemu linapoomba huduma. "Nifungulie faili hili." "Nichoree dirisha." "Nipigie sauti ya honi." Maombi hayo yanapelekwa kwa Windows, na Windows haipo. Wine inakaa pale dirishani, inapokea ombi kwa lugha ya Windows, na kuipa Linux kazi kwa lugha ya Linux. Jamaa waliziandika upya hizo huduma moja baada ya nyingine bila kuuona msimbo wa Microsoft.

Kwa miaka mingi kilichosumbua zaidi ni picha. Magemu ya Windows yanachora kwa kutumia Direct3D, ambayo ni mali ya Microsoft. Kati ya mwaka 2017 na 2018 mtu mmoja, Philip Rebohle, aliyetaka tu kucheza gemu moja liitwalo NieR: Automata kwenye Linux, alianza kuandika programu ya kutafsiri Direct3D kwenda Vulkan, ambayo ni lugha ya picha iliyo wazi kwa wote. Akaiita DXVK. Kampuni ya Valve, wenye lile duka la magemu la Steam, wakamuona wakamlipa aendelee. Tarehe 21 Agosti 2018 wakatangaza Proton, yaani Wine pamoja na DXVK na vikorombwezo vingine kwenye mfuko mmoja, na imewekwa ndani ya Steam yenyewe. Mwezi Februari 2022 wakatoa Steam Deck, mashine ya mkononi inayotumia Linux. Na mwezi Oktoba 2025, mwezi uleule wa mazishi ya Windows 10, takwimu za Steam zilionyesha Linux imevuka asilimia 3 ya wachezaji wake kwa mara ya kwanza. Asilimia 3 ni kidogo, sawa, ila kwa waliokuwa wanaitwa wendawazimu hiyo ni safari ndefu.

SASA TRENI ZENYEWE

Kompyuta yangu ni ya mtumba, Intel ya kizazi cha 6, RAM 8 GB, haina kadi ya picha ya pembeni. Windows 11 haiitaki. Nimeweka Linux, nikajaribu moja moja. Nawaeleza nilichokiona.

Train Simulator Classic: inakubali. Inatumia Direct3D 9 ya zamani, na hiyo DXVK inaitafsiri bila shida. Unaingia Steam, unaruhusu Proton, unashusha, unaendesha. Kuna kukwama kidogo mara ya kwanza treni inapoikaribia stesheni mpya, kwa sababu vile vijiprogramu vya picha vinatafsiriwa palepale, lakini ukipita mara ya pili inateleza. Picha niliziweka chini chini. Nisingetegemea zaidi kwa mashine hii hata ningekuwa Windows.

Train Sim World: hii ni habari nyingine. Imejengwa juu ya Unreal Engine, inataka kadi ya picha yenye ubavu. Proton inaifungua, kompyuta yangu ndiyo inayopiga magoti. Hapa wala tusiisingizie Linux.

Open Rails: hii ndiyo naipenda. Ni programu huria, ya bure, iliyoandikwa na watu wa kujitolea ili isome njia na vichwa vya lile gemu la Microsoft la 2001. Imeandikwa kwa ajili ya Windows kwa kutumia .NET, kwa hiyo kwenye Wine unahitaji kuiwekea .NET kwanza, na chombo kinachoitwa winetricks kinakusaidia. Ina vijishida vyake, menyu zake wakati mwingine zinakaa upande upande, ila treni inatembea.

openBVE: hii haihitaji hata Wine. Inatembea kwenye Linux kwa kutumia Mono. Picha zake ni za kizamani kidogo, lakini breki zake na ishara zake ni za mtu anayetaka kujifunza kweli.

Kuna faida moja ambayo wapenzi wa treni tunayo na wenzetu hawana. Magemu makubwa ya kushindana mtandaoni kama Fortnite na Valorant hayachezeki Linux kwa sababu ya zile programu za kukamata wadanganyifu, ambazo zinataka kuingia mpaka uvunguni mwa Windows. Magemu mengi ya treni hayana hayo. Unaendesha peke yako, unamdanganya nani? Ratiba?

PENYE UTATA

Msije mkadhani yote ni asali. Kuna mambo matatu yanasumbua, na bora uyajue kabla hujachoma bando.

La kwanza ni nyongeza za nje. Njia na vichwa ulivyonunua ndani ya Steam vinajipanga vyenyewe. Lakini vile ulivyochukua kwenye tovuti nyingine huwa vinakuja kama faili la .exe la kuinstoli. Proton inampa kila gemu diski C yake peke yake, iliyofichwa ndani ya folda la compatdata. Ukilibonyeza lile .exe hivi hivi kwa Wine ya kawaida, litainstoli kwenye diski C nyingine kabisa, na wewe utakesha unatafuta kichwa chako kimeenda wapi. Ama uliendeshe ndani ya diski C ileile ya gemu, ama uchukue mafaili uyanakili mwenyewe kwenye folda za Assets na Content.

La pili ni herufi kubwa na ndogo. Kwa Windows, "Reli.s" na "reli.s" ni faili moja. Kwa Linux ni mawili tofauti kama Juma na Jumaa. Waliotengeneza njia miaka ya 2000 waliandika wanavyojisikia, huku kubwa, huku ndogo. Wine inajitahidi kupekua folda zima kutafuta faili linalofanana, lakini njia ikiwa na maelfu ya mafaili, kupekua huko kunachelewesha. Wanaotumia ext4 wana bahati, tangu Linux 5.2 ya mwaka 2019 unaweza kuliambia folda lisijali ukubwa wa herufi.

La tatu ni umri wa kompyuta, na hili linatugusa sisi zaidi. DXVK kuanzia toleo la 2.0 la mwezi Novemba 2022 inataka Vulkan 1.3. Kwa Intel, ukiwa na kizazi cha 6 cha mwaka 2015 kwenda mbele uko salama. Ukiwa na kizazi cha 3 au cha 4, ambazo bado zimejaa madukani, itabidi uiambie Proton itumie njia ya zamani ya OpenGL, na hapo mwendo unashuka. Kwa hiyo anayekwambia "Linux inafufua kompyuta yoyote" amekwambia nusu. Kwa kuandika na kusoma, ndiyo. Kwa treni za 3D, uliza kizazi kwanza.

NANI ANA UFUNGUO?

Sasa nifike kwenye hoja yangu yenyewe.

Mafanikio haya tunayoyashangilia yamesukumwa sana na pesa za kampuni moja, Valve. Siwalaumu, wamefanya kazi nzuri na Proton msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuuchukua. Ila tusijidanganye kwamba wamefanya kwa huruma. Valve wanaogopa Microsoft asije akawafungia mlango wa Windows, kwa hiyo wamejijengea mlango wao. Mwezi Novemba 2025 wametangaza na mashine ya sebuleni, Steam Machine, nayo ni ya Linux. Ni biashara.

Na duka nalo ni mlango. Tarehe 1 Januari 2024 Steam yenyewe iliacha kuihudumia Windows 7 na Windows 8. Waliokuwa na magemu waliyoyanunua na kompyuta zilizokuwa zinayaendesha vizuri tu waliambiwa wahame. Ndio haohao tunaowaona wakombozi leo. Jimbo la California huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kazi Januari 2025, kwamba duka la mtandaoni likuambie wazi kuwa unachopata ni leseni, sio mali. Steam wakaanza kuonyesha tangazo hilo kabla hata sheria haijaanza. Angalau sasa tunaambiwa ukweli wakati wa kulipa.

Ulaya nako kuna mvutano. Gemu la magari liitwalo The Crew lilizimwa seva zake tarehe 31 Machi 2024, na walionunua wakabaki na kava. Hapo ndipo ikazuka kampeni ya Stop Killing Games, na mwezi Julai 2025 saini za wananchi wa Umoja wa Ulaya zikavuka milioni moja. Hawaombi seva ziendeshwe milele. Wanaomba gemu liachwe katika hali ya kuchezeka kampuni inapoondoka.

Sasa linganisheni na lile gemu la treni la 2001. Microsoft walikuwa wanatengeneza la pili, lakini mwezi Januari 2009 wakaifunga studio ya ACES na mradi ukafa. Kwa hesabu za kawaida hadithi ingeishia pale. Haikuishia. Kwa nini? Kwa sababu njia na vichwa vilikuwa ni mafaili yaliyokaa kwenye folda za kawaida, ROUTES na TRAINS, yanasomeka, yananakilika. Watu wa Open Rails wakaandika injini mpya ya kuyasoma. Mwenye mali aliondoka, reli ikabaki, na leo inapitika hata kwenye Linux ambayo Microsoft hakuiwaza kabisa.

Somo ninaloliona mimi ni hili. Kinachokiokoa kitu chako sio ukubwa wa kampuni iliyokuuzia, bali ni kama mafaili yake yako wazi na kama kuna mtu mwingine anaruhusiwa kuyafungulia mlango. Wakubwa zetu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilijua hili zamani. Mwaka 2004 walitoa OpenOffice kwa Kiswahili, na waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi, hawakuhitaji kumbembeleza mtu.

Na hapa kwetu lina maana ya pekee. Tangu treni ya umeme ianze Dar mpaka Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma Julai mwaka huohuo, vijana wengi wamepata hamu ya treni. Tukisubiri kampuni ya nje ione faida ya kututengenezea Dar–Moro, tutasubiri sana. Lakini njia ya openBVE ni faili la maandishi matupu. Kona, mlima, stesheni, ishara, vyote unaviandika mstari kwa mstari kwa programu yoyote ya kuandikia, kwenye kompyuta ileile ambayo Windows 11 imeikataa. Hilo halihitaji kibali cha dukani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuhama ni mfupi. Kabla hujafuta Windows, nakili mafaili yako yote ya njia na vichwa kwenye diski ya pembeni. Angalia kizazi cha prosesa. Soma ProtonDB uone wenzako wenye mashine kama yako wanasemaje kuhusu gemu lako. Na kabla hujanunua nyongeza nyingine, jiulize maswali mawili: hili litafunguka intaneti ikiwa haipo? Na duka likifungwa kesho, nitabaki na nini mkononi?

Kama jibu la swali la pili ni "sina kitu", bado unaweza kununua, pesa ni yako. Ila lipa bei ya kukodi, usilipe bei ya kumiliki.

Nawasilisha. Wenye kompyuta za kizazi cha 3 na cha 4 mliojaribu, tuambieni hapo chini mmefika stesheni gani. Na kama kuna mtu ameshaanza kuandika Dar–Moro, ajitokeze tumsaidie.